Shamba Lililolimwa Bila Chungu

Walisema nitaweza kuvaa tai, kusoma gazeti la Kiingereza na kusimama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, bila kutetemeka, lakini shamba la baba yangu sitalilima. Wa kwanza kulisema hilo alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, na alilisema hadharani pale Makambako, ambapo lori lilinishusha siku niliporudi kutoka masomoni.

Wakati ule Makambako ilikuwa njia panda tu. Barabara ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe zilikutana hapo, pembeni yake maduka machache ya mabati, na upepo usiopumzika. Mjomba alikuwa na mke wa pili hapo, na uani kwa mke huyo iliuzwa pombe ya ulezi. Alinikuta nikikung'uta vumbi kwenye koti.

"Kamwene, msomi," aliniamkia kwa Kibena, kisha akahamia Kiswahili ili wapakizi wa lori nao wasikie. "Tumesikia umeleta karatasi."

"Stashahada, mjomba."

"Hiyo hiyo. Inalima?"

Wapakizi walicheka. Nilimwambia inalima, maana ni stashahada ya kilimo.

"Na pombe bado hunywi?"

"Sinywi."

"Wala hupiki?"

"Sipiki wala sipikiwi."

"Basi hutalima, mpwa wangu. Kufundisha watu kulima utafundisha, hilo sikatai. Lakini shamba la shemeji yangu utalitazama likiwa jani na magugu hadi uzeeke."

Mke wake alikuwa mlangoni na kata mkononi. Nilimwita mama mdogo, kama tunavyowaita wake wadogo wa wajomba zetu. "Mwacheni mtoto wa watu," alisema, "ametoka safari. Atalima kwa Biblia." Kisha akacheka kuliko wapakizi wote.

Nilipanda lori jingine kwenda Njombe bila kuwajibu. Sikuwa mtu wa kujibizana na wanywaji.

Niseme nilikuwa nani. Katika kijiji chetu hakuna aliyewahi kurudi na stashahada kabla yangu, na kwa muda mrefu hakuna aliyerudi nayo baada yangu. Sikusomeshwa na tajiri wala sikubebwa na ukoo. Baada ya shule ya misheni nilikwenda Tanga kama manamba, nikakata mkonge kwa mkataba mpaka nikapata ada. Nikarudi shuleni nikiwa na ndevu, nikaketi dawati moja na watoto wasio na ndevu, nikawashinda. Mwishowe nikavuka kwenda Uganda, na huko nikapata ile karatasi. Miaka yote hiyo sikuonja pombe. Nilikuwa nimeahidi siku ya kipaimara, mbele ya madhabahu na mbele ya baba yangu, na kwenye kambi za mkonge nilipata sababu nyingine nyingi za kutimiza ahadi hiyo.

Baba alifariki nikiwa Uganda. Aliacha nyumba alimoishi mama, na shamba lililoanzia kwenye mto mdogo likapanda hadi kilimani, kwenye miwati, miti inayouzwa magome. Niliporudi lilikuwa limelala misimu miwili. Jumbe, mkuu wa kijiji na mgawaji wa ardhi, alikuja kunipa pole, na pole yake haikuwa ndefu.

"Ardhi haimngoji mtu anayesoma," alisema. "Mvua za kwanza zikikuta udongo umegeuzwa, tutazungumza. Zikikuta jani, nitampa mwingine."

Kila mtu alimjua huyo mwingine. Alikuwa mkwe wa jumbe, na alikuwa ameshaanza kupita kandokando ya shamba jioni, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Shamba likienda, nyumba ingekwenda nalo, na mama angelazimika kurudi kwa kaka yake, yaani mjomba, akaishi kwa mtu mwenye chungu cha pombe na wake wawili. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya. Hakusema mengi kuhusu jambo hilo, lakini nilimwona ameanza kufunga vyombo vyake katika vikapu, kidogo kidogo.

Anayesoma leo anaweza kuuliza kwa nini nisiwalipe vibarua. Waliotaka shilingi walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya miwati au kwenye mkonge. Waliobaki kijijini hawakumlimia jirani kwa shilingi. Waliona ni kumgeuza jirani kuwa bwana. Walilima kwa chungu. Mwenye shamba alipika pombe, akatangaza siku, watu wakaja na majembe yao alfajiri, wakalima wakiimba, na jua likipanda wakakaa kuzunguka chungu. Kazi ya mwezi iliisha kwa siku moja. Bila chungu, mtu na mkewe walilima bustani.

Usharika wetu ulikataza. Mlutheri aliyepika pombe au kuinywa alitengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya wazee wa kanisa. Na bado mashamba ya Walutheri yalilimwa kila mwaka, makubwa na mazuri. Niliposhangaa, mama alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani.

"Wewe hutapika, mwanangu. Na mimi sitapika. Jirani atapika."

Jirani yetu alikuwa Mkatoliki, mtu mpole mwenye kicheko kirefu. Padri wao hakuwa na neno na chungu cha kazi, maadamu watu hawalewi. Kwa hiyo Mlutheri mwenye kulima alimpelekea jirani huyu ulezi kimyakimya, mke wa jirani akapika, na siku ya kazi chungu kiliwekwa ng'ambo ya mpaka, ndani ya shamba la Mkatoliki, hatua chache tu kutoka kwenye mtaro wa mpaka. Walimaji walilima mpaka mtaroni, wakauruka, wakanywa, wakaruka tena wakarudi kulima. Mwenye shamba alibaki upande wake akitazama miwati. Mzee wa kanisa akiuliza, hakukuwa na pombe kwenye shamba lile. Na mzee wa kanisa hakuuliza, kwa kuwa naye alikuwa na shamba na mtaro.

"Watu wote wanafanya hivyo," mama alisema.

"Mimi si watu wote, mama."

Nililisema kwa kiburi, najua, lakini sikulisema kwa kiburi peke yake. Sikusafiri hadi Uganda na kurudi ili nije kujificha nyuma ya mtaro wa jirani. Tena nilifikiri kwamba kama imani yangu inaishia mpakani mwa shamba, basi ni imani ya ukubwa wa shamba, na mimi nilikuwa nimeahidi kitu kikubwa kuliko hicho.

Nilifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale. Nilitangaza siku ya kazi kanisani na nikasema nitatoa chai. Nilinunua majani na sukari ya kutosha dukani Njombe, mama akakanda maandazi. Watu walikuja, tena wengi, kwa kuwa kila mmoja aliamini chai ni maneno ya kusema kanisani na chungu kipo ng'ambo kama kawaida. Walilima vizuri wakati wa ukungu. Jua lilipotoka wakaanza kunyoosha shingo kuelekea mtaroni.

"Bwana mkubwa," mmoja aliniuliza, "safari hii chungu kimekaa upande gani?"

"Hakuna chungu. Kuna chai."

"Chai ni ya kuamkia. Tunauliza ya kulimia."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Walitazamana. Hawakunitukana, watu wa kwetu hawatukani mbele ya chakula. Walikunywa chai, wakasifu sukari, wakamshukuru mama kwa maandazi. Kisha mmoja akakumbuka ndama wake mgonjwa, mwingine akakumbuka mgeni, wa tatu akasema mgongo unamkata tangu juzi. Kabla ya adhuhuri tulibaki mama na mimi. Kutoka kilimani sehemu iliyogeuzwa ilionekana kama mkeka ulioanikwa.

Nililima peke yangu siku zilizofuata. Mikono yangu haikuwa ya kalamu tu. Iliwahi kukata mkonge, na malengelenge yalipopasuka ngozi ya zamani ilikuwa chini yake ikingoja. Nililima vizuri kuliko walivyotegemea, na watu walipita barabarani wakasimama kutazama. Lakini kilimo nilikisomea, na nilijua kukadiria shamba na siku. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Ukinga. Peke yangu nisingefika hata nusu.

Jirani Mkatoliki alikuja akaegemea jembe lake upande wake wa mtaro.

"Bwana Shamba," alisema, maana ndivyo walivyokwisha kuniita, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha, "pombe hutaki kutoa. Pesa watu hawataki. Sasa utatoa nini?"

"Nitatoa mgongo wangu."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayenipa wake. Nikopeshe siku moja ya jembe, na mimi nitakulipa siku moja ya jembe."

Akamwita mkewe kwa sauti. "Mama, njoo usikie maajabu. Bwana Shamba anataka kuja kunilimia."

"Na tai?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Na tai," nilisema.

Jirani alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya, nakukopesha. Lakini siku yangu nitaidai ninapotaka mimi, si unapotaka wewe."

Nikakubali, na hilo likawa sharti la wote. Habari ilipita kijijini kabla ya jua kuzama. Sikulazimika kumbembeleza mtu. Wale waliokimbia chai yangu walirudi kwa furaha, kwa sababu kila mmoja alitaka kumiliki siku moja ya mtu mwenye stashahada, aitumie kama anavyopenda. Mzee wa kanisa alikuja kwa njia ya kando, akasema naye atanikopesha siku, kwa upendo wa kindugu. Mjomba alikuja kutoka Makambako kwenye lori lililokuja kuchukua magome ya miwati, na mama mdogo pamoja naye. "Nimekuja kuona," mjomba alisema, "na kama nimekuja, heri nilime."

Siku hiyo walilima kama watu wanaokwenda harusini. Walitunga wimbo hapo hapo shambani, mstari mmoja tu wakiurudia: karatasi imeshika mpini, karatasi imeshika mpini. Nami niliimba. Sikuona aibu, maana lilikuwa jambo la kweli. Mama mdogo alilima karibu nami akinichungulia kila mara kuona kama nimechoka. Sikuchoka. Jioni, kutoka mtoni hadi kwenye miwati, udongo wote ulikuwa umegeuzwa, mwekundu na wenye unyevu, na mkwe wa jumbe alipita njia nyingine.

Jumbe alikuja na fimbo yake, akachoma udongo hapa na pale.

"Umegeuzwa," alisema. "Lakini waliougeuza hawajanywa kitu."

"Nimewakopa, jumbe. Nitawalipa."

"Ndicho ninachosema. Aliyelima bila kupewa kitu bado ana neno na shamba. Siku hawa wote watakaposema hawana neno, siku hiyo nitatamka barazani kwamba shamba ni lako. Hata mmoja akibaki na neno, sitamki."

Hakunionea. Ilikuwa desturi ya kwetu tangu zamani, na chungu ndicho kilichokuwa risiti. Mtu aliyekwisha kunywa hakuwa na dai. Mimi nilikuwa nimechagua kulima bila risiti, kwa hiyo nilipanda mahindi yangu katika shamba ambalo bado halikuwa langu, na mama hakuvifungua vikapu vyake vyote.

Mwezi uliofuata nilipangiwa kazi ya bwana shamba katika boma la serikali Njombe. Nilipewa baiskeli, kofia ngumu na kaptula za kaki, nami nilizivaa vizuri. Siku za mapumziko yangu zilianza kudaiwa. Wakopeshaji wangu walikuwa na akili. Walingoja siku ambazo ningeonekana. Mmoja alinidai siku ya gulio, kwenye shamba lililo kando ya njia ya gulioni. Mwingine, wa upande wa Igwachanya, alinidai siku Bwana Shauri alipokuwa akipita na msafara wake. Bwana Shauri alisimamisha gari, akanitambua, akaniuliza kwa Kiingereza kama nawaonyesha wananchi kilimo bora. Kusema ndiyo kungeniletea sifa, labda na cheo, na lisingekuwa uongo mkubwa, kwani matuta yangu yalikuwa bora kweli. Nilimjibu hapana, nalipa siku ya jembe niliyokopa. Alinitazama kidogo, akaondoka. Sifa ile haikuja tena.

Jirani alidai siku yake wakati wa mvua kubwa, akalima pamoja nami, na mwisho akasema hana neno na angependa tuanze upya mwakani.

Siku ya mzee wa kanisa ilikuwa ngumu zaidi. Nilifika shambani kwake alfajiri nikakuta watu wengine wengi, kwa kuwa alikuwa ametangaza kazi, nami niliingizwa humo. Jua lilipopanda wote waliruka mtaro. Chungu kilikuwa ng'ambo, kimefunikwa majani ya mgomba kwa heshima. Nilibaki peke yangu upande wa Kilutheri na kibuyu changu cha maji. Mzee alikuwa upande huo huo, ametazama miwati. Hatimaye alikuja akakaa karibu yangu.

"Usinihukumu, kijana," alisema.

"Sijasema kitu, mzee."

"Ndiyo. Hujasema. Nina watoto wengi."

Nikanyanyuka nikaendelea kulima. Jioni akatamka kwamba hana neno.

Mavuno yalipita. Wote walikwisha kulipwa isipokuwa mama mdogo wa Makambako. Mjomba mwenyewe alikuwa amedai siku yake mapema, kulima kwa mke mkubwa, na alinitumikisha sawasawa. Lakini mama mdogo alituma ujumbe kwa dereva wa lori kila nilipouliza: bado sijachagua. Mkwe wa jumbe alianza tena kupita kandokando, mikono nyuma. Mawingu yalikuwa yanarudi upande wa Ukinga. Mwishowe dereva alileta jibu: niende Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, nikalime shamba lake nyuma ya nyumba, na jumbe atume tarishi wake akashuhudie.

Jumapili ile ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Mzee wa kanisa alisikia, akanifuata bomani.

"Usiende," alisema. "Yule ni mke wa pili. Ukionekana unalima shamba lake, watu watasema kanisa limeibariki ndoa ile. Tena ni nyumba ya pombe."

"Aliponilimia mimi alikuwa mke wa pili vilevile, mzee."

"Mpe kanga. Mpe mbuzi."

"Alinikopesha siku."

"Basi ujue suala lako litakwenda kwa mchungaji, na Jumapili hutakaribia Meza mpaka lisikilizwe."

Tulikuwa tumesimama uani kwa boma, karani mmoja akituchungulia dirishani. Nilikuwa na neno moja la kumjibu, na lilikuwa kubwa: mtaro. Neno hilo lingetosha. Lingemvua uzee wake wa kanisa mbele ya usharika mzima, nami ningepokea Meza bila mtu kuthubutu kunyoosha kidole. Sikulisema. Nilikata mkonge, nilisoma na watoto nikiwa na ndevu, nilishinda mitihani iliyofanywa na watu wa nchi tatu, na katika yote hayo hakuna lililonigharimu kama kufunga mdomo dakika ile. Nalieleza kwa sababu watu hudhani ugumu wa imani uko kwenye kuacha pombe.

"Sawa, mzee," nilisema. "Jumapili nitakaa benchi la nyuma."

Nikakaa kweli, nikatazama wengine wakienda mbele. Mchungaji alinisikiliza wiki mbili baadaye, akauliza maswali machache, akaniruhusu, na Meza niliipokea Krismasi. Mzee wa kanisa ndiye aliyenifungulia mlango siku hiyo.

Lakini Ijumaa yenyewe, siku ninayotaka kuimalizia, nilipanda lori asubuhi na tarishi wa jumbe, mtu mkimya mwenye koti la jeshi lililopauka. Nilivaa tai. Jembe nililifunga kwenye gunia.

Makambako upepo ulikuwa ule ule. Mama mdogo alinionyesha shamba nyuma ya nyumba: jani gumu, mizizi, na mawe ya kutosha kujengea. Wanywaji walikuwa wameshatoa viti nje ili watazame. Mjomba alikaa katikati yao na kibuyu chake.

"Wapakizi walionicheka wapo?" nilimuuliza.

"Wawili wapo. Mmoja amehamia Mbeya."

Nikavua koti, nikavua tai, nikavitundika kwenye mti wa ua, nikaanza. Watu walitoa maneno yao kwa muda, kwamba mstari umepinda, kwamba Uganda wanalima kwa kulala, kisha wakachoka kusema wakarudia vibuyu vyao. Adhuhuri mama mdogo alikuja na kata.

"Kunywa. Huku hakuna mzee wa kanisa."

"Nipe maji, mama mdogo."

"Kunywa kwanza uone ni nini."

Nilinusa. Ilikuwa togwa, tamu, ya asubuhi ile ile, haijachacha hata kidogo. Alikuwa ameipika kwa ajili yangu katika nyumba ambamo hakuna kitu kingine kilichopikwa ila pombe. Nikanywa yote.

"Kwa nini ulichelewa kuchagua?" nilimuuliza.

"Wengine walikuwa na haraka ya kukucheka," alisema. "Mimi nilicheka siku ile ya kwanza, nikamaliza. Nilitaka kuona kama utakuja hata kwangu."

Alirudi ndani. Nililima hadi jua lilipoegemea barabara ya Mbeya. Nilipomaliza alikuja kukagua, kwa miguu mitupu, polepole, tarishi nyuma yake. Kwenye kona, kando ya jiwe, alikuta kichaka kidogo cha jani.

"Na hapa?"

Nikapiga jembe mara chache, nikaling'oa.

Akageuka akamtazama tarishi, si mimi. "Mwambie jumbe nililima shamba la huyu kijana na nimelipwa. Sina neno naye wala na shamba lake."

"Nimesikia," tarishi alisema. "Wewe ulikuwa wa mwisho. Hakuna mwingine."

Wanywaji walikuwa wamesimama. Mjomba alisukuma kiti chake nyuma, akaja hadi ukingoni mwa udongo mpya, akaokota bonge moja, akalivunja kwa vidole.

"Nilisema hutalima," alisema.

"Ulisema, mjomba."

"Nilisema mbele ya watu." Akawageukia. "Basi mbele ya watu nasema amelima."

Nililifuta jembe kwa majani, nikalirudisha kwenye gunia. Nikavaa koti langu, nikafunga tai yangu vizuri bila kioo, kama nilivyozoea kuifunga, nikaenda na tarishi kusimama barabarani kungoja lori la Njombe, ili nimwambie mama afungue vikapu.